F90X, F80 au EOS 30: Uchambuzi wa Kisa cha Ununuzi wa Kamera ya Filamu Iliyotumika, Unguja

Kisa ninachokieleza hapa ni cha ununuzi mmoja tu, wa bodi moja ya kamera ya filamu (bodi ni mwili wa kamera bila lenzi), uliofanywa Unguja na mtoto wa marehemu kaka yangu, nami nikiwa mshauri wake. Nimeona nikiandike kwa ukamilifu kwa sababu vijana kadhaa wamekuja kwangu na swali lilelile: kati ya kamera mbili au tatu zilizotumika, zote zenye fokasi otomatiki, zote za kizazi kimoja na bei zinazokaribiana, ni ipi inayofaa kuchukuliwa? Wengi huja wameshazilinganisha karatasi za sifa mstari kwa mstari, wakiamini kwamba jibu limo humo. Nami nimepiga picha za harusi na za pasi kwa zaidi ya miaka 30, na ninaamini kwamba kwa mtu wa visiwani jibu huanza kwenye lenzi alizonazo, likapitia kwenye betri zinazopatikana dukani, kisha likaishia kwenye hali ya ile kamera moja aliyoishika mkononi.

Binti huyo alikuja nyumbani Mkunazini baada ya alasiri, akiwa na mkoba wa ukili. Alinisalimu, akaketi barazani, akatoa humo vitu vitatu akavipanga juu ya jamvi: lenzi ya Nikon ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8, ya aina ya AF-D, yaani ya fokasi otomatiki (tundu ni mlango wa mwanga ndani ya lenzi, na namba ya f ikiwa ndogo tundu ni kubwa). Lenzi ya Nikon ya milimita 28, f/2.8, ya aina ya AI-S ambayo fokasi yake huzungushwa kwa mkono. Na bodi ya kamera ya zamani ambayo betri zilivujia ndani mpaka vyuma vyake vikaota kutu ya kijani. Vyote vilikuwa vya baba yake, na vilikaa ndani ya sanduku tangu alipofariki. Swali lake la kwanza lilikuwa fupi: "Ami, hizi lenzi za baba bado zina kazi?"

Bodi haikuwa na kazi tena. Lenzi ya 50 nilipoimulika kwa tochi kutoka nyuma niliiona safi, bila nyuzi za ukungu wala mafuta kwenye bapa za tundu. Ile ya 28 ilikuwa na doa dogo la ukungu pembezoni mwa kioo cha mbele, lisilozidi ukubwa wa punje ya mtama, ambalo halitaonekana kwenye picha lakini halikustahili kuachwa likaribiane na lenzi nyingine. Katika hewa yetu, hasa miezi ya masika, lenzi iliyofungiwa ndani ya mkoba wa ngozi au kabati lisilopitisha hewa huota ukungu kwa wepesi wa kusikitisha, na nyuzi zake zikishakula rangi nyembamba iliyopakwa juu ya kioo, hata ukizifuta alama hubaki. Kwa hiyo hali ya lenzi hizi ilikuwa bahati kubwa, na kwangu mimi ndiyo iliyopaswa kuongoza shauri zima.

Nilimuuliza anataka kupiga nini, kwani bila ya kulijua hilo shauri la kamera halina pa kuanzia. Alisema anataka kwenda Wete kukaa na bibi yake na wanawake wazee wa ukoo wao, awapige picha wakiwa nyumbani, jikoni, na uwanjani wakati wa kuanika karafuu kwenye majamvi. Na akirudi Unguja awe anapiga vichochoro vya Mji Mkongwe. Anasomesha skuli ya msingi, anavaa miwani wakati wote, na fedha aliyoiweka kando ilikuwa shilingi 350,000, ambayo ilibidi itoshe bodi, betri na filamu za kuanzia.

Kabla ya kuja kwangu alikuwa ameshapata kamera tatu. Ya kwanza ni Nikon F80, ya mwaka 2000, iliyokuwa kwenye duka dogo la vifaa vya umeme karibu na Darajani, kwa shilingi 180,000. Ya pili ni Nikon F90X, ya mwaka 1994, ya mzee mmoja aliyekuwa akitembeza wageni, naye alitaka shilingi 160,000. Ya tatu ni Canon EOS 30, ya mwaka 2000 vilevile, iliyotangazwa na muuzaji wa Dar es Salaam pamoja na lenzi yake ya milimita 28 hadi 105, kwa shilingi 320,000, fedha zitumwe kwanza na kamera ije kwa boti. Anayetafuta kamera hizi ajue kwamba soko la Marekani liliziita majina mengine: F80 kule ni N80, F90X ni N90s, na EOS 30 ni Elan 7E, kwa hiyo tangazo lenye jina geni huenda likawa ni la kamera ileile.

Moyo wake ulikuwa kwenye EOS 30, na sababu zake hazikuwa za kitoto. Kamera hiyo ina vituo 7 vya fokasi vilivyotawanyika ndani ya dirisha la kutazamia, wakati F80 ina vituo 5 na F90X ina kimoja tu cha katikati. Zaidi ya hayo, EOS 30 hufuata jicho la mpigaji: ndani ya dirisha kuna taa ndogo za miale isiyoonekana zinazomulika jicho, kamera ikasoma jicho limeelekea wapi, kisha ikachagua kituo cha fokasi kilicho karibu na hapo. Ni ufundi wa kusifiwa, na mtu aliyewahi kuuona ukifanya kazi vizuri hausahau. Lakini ufundi huo unamtaka mtumiaji airekebishe kamera kwa jicho lake mwenyewe, na kwa wavaa miwani huwa hautabiriki, kwa kuwa vioo vya miwani navyo hurudisha miale. Sifa iliyomvuta kuliko zote ndiyo ambayo yeye, kwa miwani yake, alikuwa na uwezekano mdogo wa kuifaidi.

Jambo la pili lilikuwa zito zaidi, nalo ni mdomo wa lenzi, yaani mahali lenzi inapovikwa kwenye bodi. Mwaka 1987 Canon ilileta mdomo mpya kabisa wa EF kwa ajili ya kamera zake za fokasi otomatiki, ikauacha ule wa zamani, na mota ya fokasi ikawekwa ndani ya kila lenzi. Uamuzi huo una uzuri wake, kwani lenzi yoyote ya EF tangu mwaka huo inafanya kazi kwenye bodi yoyote ya EOS ya filamu. Nikon ilishika njia nyingine. Mdomo wa F wa mwaka 1959 uliendelea kutumika, na lenzi zake nyingi za mwanzo za fokasi otomatiki hazikupewa mota; mota imo ndani ya bodi, na huizungusha lenzi kwa mhimili mdogo mfano wa bisibisi unaochomoza kwenye mdomo. Lenzi ya 50 ya marehemu ni ya namna hiyo. Ukiivika kwenye F80 au F90X, fokasi inaenda. Na kwa EOS 30, lenzi zote mbili zingerudi sandukuni. Nilimwambia binti wazi kwamba kuchukua Canon ni kununua lenzi upya huku ameketi juu ya lenzi mbili nzuri, na kwamba ile 28 hadi 105 ya kwenye tangazo, kwa vile hatukuweza kuimulika kwa tochi, ilibidi tuihesabu kuwa haijulikani. Kutuma fedha kwa kamera ambayo hujaishika ni kununua mbuzi kwenye gunia, na katika vifaa vya umri wa miaka 20 na zaidi gunia hilo mara nyingi huwa na mgonjwa. EOS 30 ikaondoka kwenye orodha yetu, ingawa binti aliitaja tena mara mbili kabla ya magharibi.

Zikabaki Nikon mbili, na hapa ndipo kisa kinapokuwa kigumu, kwa sababu kwa lenzi ya 50 zote mbili zinafaa. Tofauti ilijitokeza tulipoleta lenzi ya 28. Lenzi ya AI-S haina umeme wa kuiambia kamera tundu lake liko wapi. F90X bado ina kile kishikio cha kwenye mdomo kinachosoma pete ya tundu, kwa hiyo ukiweka kamera kwenye A (wewe unachagua tundu, kamera inachagua mwendo wa shata) au M (vyote unachagua mwenyewe), kipimo cha mwanga kinafanya kazi kwa njia ya kupima katikati au kwa nukta, ijapokuwa dirishani haitakuandikia namba ya tundu. F80 haina kishikio hicho. Ukiivika lenzi ya namna hii, inapiga kwa M peke yake na kipima mwanga kinazima kabisa, ikabidi ukisie au upime kwa simu. Kwa mtu anayeanza, anayetaka kupiga jiko la Wete lenye giza upande mmoja na mlango uliofunguka kwenye jua upande wa pili, kunyimwa kipima mwanga si upungufu mdogo. Fokasi ya 28 atazungusha kwa mkono popote pale, na kamera zote mbili zinamwonyesha alama dirishani pale fokasi inapokaa sawa. Niongeze tahadhari moja kwa wenye masanduku kama hilo: lenzi za Nikon za kabla ya 1977, ambazo hazikufanyiwa marekebisho ya AI, zisilazimishwe kwenye bodi hizi, kwani pete yake inaweza kuvunja vipande vya mdomo wa kamera.

Kisha betri. F80 hutumia betri mbili za CR123A za volti 3, na F90X hutumia betri nne za kawaida za AA, zile za rimoti na tochi. Katika karatasi ya sifa hili ni neno moja, lakini kwa mtu anayekwenda kukaa Wete wiki tatu ni jambo la kuamua safari. Betri za AA zipo kwenye kila kiduka cha Pemba, hata pale panapouzwa sabuni na chumvi tu. CR123A nimewahi kuzitafuta Mjini siku nzima, nikazipata duka la nne, bei juu na tarehe yake imekaribia kwisha. Wapo wanaoshauri kutumia za kuchaji zenye umbo lilelile. Sishauri, kwa kuwa nyingi huzidi volti 3.6 kila moja, na kamera iliyotengenezewa volti 3 haina sababu ya kufanyiwa jaribio hilo. F80 ina mkono wa ziada wa MB-16 unaobeba AA nne, na angeupata pamoja na kamera ningenyamaza kuhusu betri, lakini ile ya dukani haikuwa nao.

Sitaki msomaji afikiri kwamba F90X ilishinda kila mahali. F80 ni nyepesi zaidi, sauti yake ni ya upole, ina flashi yake ndogo juu ya kichwa, ina taa ya kusaidia fokasi gizani, ina mistari ya gridi inayowashwa dirishani kwa ajili ya kunyoosha milango na nguzo, na inazikubali lenzi za karibuni za G, zisizo na pete ya tundu, na zenye kutuliza mtikisiko. F90X haina flashi, mlio wake husikika chumba cha pili, na lenzi za G inazikubali kwa P (kamera inachagua vyote) na S (wewe unachagua mwendo wa shata) tu. Kwa upande wa miwani, hata hivyo, dirisha la F90X lilitengenezwa ili jicho lililo mbali kidogo lione fremu nzima, na binti alilihisi hilo mara ya kwanza alipoishika, kabla sijamwambia.

Tulikwenda Darajani kwanza. Muuzaji, kijana mwenye adabu, alitukaribisha, lakini tulipoivika lenzi ya 50 kwenye F80 na kuiwasha, kioo kikaanza kumwekamweka herufi FEE na shata ikakataa. Kijana akainamisha kichwa, akasema ndivyo inavyomfanyia kila mteja, naye anadhani ina ugonjwa ndani, na kwa sababu hiyo angetuachia kwa shilingi 100,000. Kamera haikuwa na ugonjwa wowote wa hapo. F80 haitaki tundu lifunguliwe kwa pete ya lenzi. Inataka pete izungushwe mpaka namba ya tundu dogo kabisa, iliyoandikwa rangi ya chungwa, ambayo kwa lenzi hii ni 22, ikafungwa hapo kwa swichi yake, kisha tundu lichaguliwe kwa gurudumu la bodi. FEE ni kamera kulilalamikia hilo tu. Niliizungusha pete, nikaifunga, shata ikalia. Binti alinitazama kwa jicho la kuniuliza kwa nini nimesema mbele ya muuzaji. Sikuona haki kununua kwa bei ya kitu kibovu hali najua si kibovu, na yule kijana alikuwa amekwisha kuipoteza biashara mara kadhaa kwa kutolijua jambo lenyewe.

Kilichotuondoa dukani kilikuwa kingine. Mlango wa nyuma wa F80 hufungwa kwa ndoano ndogo za plastiki, na ndoano hizo ni udhaifu wake unaofahamika. Tulipoufungua mlango na kuutazama ukingo wake, ndoano moja ilikuwa imekatika, na ukiubonyeza kwa kidole ulicheza upande wa juu. Wapo wanaofunga mlango kama huo kwa mpira au utepe na wakapiga picha, lakini jua letu la saa sita mchana halihitaji ufa mkubwa kuingia, na kila ubadilishapo filamu utepe unatolewa na kurudishwa. Kamera ileile, mfano uleule, ikiwa na ndoano zote mbili ingetupa kazi ya kufikiri zaidi.

F90X tuliikuta nyumbani kwa mzee, imefungwa kitambaa cheupe. Alitukaribisha kahawa, tukazungumza kwanza habari za watu na za mji, kwa kuwa biashara ya namna hii haianzi na bei. Alimkumbuka marehemu kaka yangu, na akatusimulia jinsi alivyokuwa akisafisha filamu zake enzi hizo mtaa mmoja na studio ya Capital Art, ile iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Kisha akaitoa kamera. Mlango wa nyuma ulinata mikononi kama ulioguswa na asali. Binti aliirudisha haraka mezani, na hapo nilimzuia. Kunata huko ni mpira laini uliopakwa juu ya plastiki, ambao kwa miaka na joto huyeyuka. Ni ugonjwa wa ngozi, haugusi filamu wala mitambo, na huondoka kwa kitambaa chenye spiriti na subira ya saa moja. Kamera zenye kasoro hii huuzwa kwa bei ya chini kuliko zinavyostahili kwa sababu mnunuzi huhukumu kwa vidole.

Tukaichunguza kwa utaratibu. Chumba cha betri kilikuwa na chembe za kijani kwenye chemchemi moja, zikatoka kwa kijiti cha pamba chenye siki kidogo. Pini za dhahabu zinazosoma mistari ya DX kwenye kopo la filamu, inayoiambia kamera wepesi wa filamu kwa mwanga, zilikuwa safi; tulitumbukiza kopo la filamu ya 400 na kamera ikaandika 400. Kioo cha maandishi hakikuwa na madoa meusi. Tulilenga fokasi kwenye chuma cha dirisha, kisha kwenye mnara wa mbali, kisha kwenye kikombe mezani, ikaenda na kurudi bila kusita. Ilisita ilipoelekezwa kwenye ukuta mtupu uliopakwa chokaa, na nikamweleza binti kwamba hilo si kosa: fokasi ya namna hii hulinganisha taswira mbili za kitu kimoja, zilizopita pande mbili za lenzi na kuteremshwa na kioo kidogo hadi kwenye kihisi kilicho sakafuni mwa bodi, na mahali pasipo na mstari wala kivuli hakuna cha kulinganisha. Elekeza penye ukingo wa rangi mbili, itashika. Vumbi la ndani ya dirisha tuliliacha, kwani haliingii kwenye picha.

Kisha tukaufungua mlango, tukaielekeza kamera kwenye anga, tukapiga kwa kila mwendo wa shata huku tukitazama kwa nyuma. Miendo ya chini inaonekana na kusikika; ya juu jicho haliwezi kuihukumu. Kwa hiyo niliomba ruhusa ya kupiga filamu moja kabla ya kulipa, na mzee akakubali tukamwachia nusu ya fedha.

Jaribio lenyewe ni rahisi na nalipendekeza kwa yeyote anayeweza kusafisha filamu nyeusi na nyeupe nyumbani. Tulitumia HP5 Plus ya 400. Saa sita mchana, jua likiwa juu na anga haina wingu, binti alisimama mbele ya ukuta mmoja akapiga fremu tano mfululizo kwa M: f/16 kwa sehemu 1/500 ya sekunde, f/11 kwa 1/1000, f/8 kwa 1/2000, f/5.6 kwa 1/4000, na f/4 kwa 1/8000. Kila hatua tundu linapitisha mwanga mara mbili ya hapo awali na muda unapungua nusu, kwa hiyo mwanga unaofika kwenye filamu ni uleule, na negativu tano zinapaswa kuwa na weusi uleule. Fremu zilizobaki alizigawa: nyingine kwa fokasi ya karibu na mbali kwenye f/1.8, nyingine kwa lenzi ya 28, na chache ndani ya nyumba.

Kuisafisha kulitutaka barafu. Dawa inataka nyuzi 20 na maji ya bomba yetu hayafiki huko, kwa hiyo beseni liliwekwa vipande vya barafu ndani ya mfuko mpaka kipimajoto kikashuka. Filamu ilipokauka tuliitandaza juu ya dirisha. Nafasi kati ya fremu na fremu zilikuwa sawasawa, maana yake mota ya kuvuta filamu haitelezi. Fremu nne za kwanza zilikuwa na weusi mmoja. Ya tano, ile ya 1/8000, ilikuwa hafifu kidogo kwenye ukingo mmoja mrefu: pazia za shata zilizochoka, kwa mwendo huo wa juu kabisa, hazikimbii sambamba, na ukingo mmoja wa picha unapata mwanga pungufu. Binti alidhani tumeipoteza kamera. Nilimwonyesha kwamba F80 na EOS 30 zenyewe zinaishia 1/4000, yaani mahali ambapo F90X hii bado ni nzima, na kwamba kwa picha alizokusudia hatafika huko. Tulimpelekea mzee ile negativu, tukaishika mbele ya mwanga pamoja naye, tukamweleza, akapunguza mpaka shilingi 135,000 bila maneno mengi. Zilibaki fedha za kutosha kununua filamu sita, betri nane, na kisanduku cha plastiki chenye mfuniko wa mpira pamoja na vifuko vya kukausha unyevu.

Alipanda boti ya Pemba wiki iliyofuata. Aliporudi na filamu nne, nilizitazama kwa makini zaidi kuliko nilivyozitazama za jaribio, kwa sababu hapo ndipo ushauri wangu ulipopimwa. Picha za uwanjani, karafuu zikiwa nusu kijani nusu nyekundu kwenye majamvi (nyekundu hiyo mtu huiona kwa kukumbuka tu, filamu ikiwa nyeusi na nyeupe), zilikuwa sawa karibu zote. Picha za 28 ndani ya jiko zilinifurahisha kuliko nyingine, kwa kuwa alipima nuru ya uso wa bibi kwa nukta na kuuacha mlango uwake.

Kosa lilikuwa kwenye picha za uso alizopiga kwa 50 karibu sana. Kati ya kumi na mbili, tano zilikuwa na fokasi sikioni au kwenye ushungi badala ya jichoni. Sababu yake naijua, na inatoka moja kwa moja kwenye kile kituo kimoja cha katikati. Alikuwa akiweka kituo kwenye jicho, akishikilia kitufe, kisha akigeuza kamera ili jicho likae pembeni mwa fremu. Kwa lenzi ya 50 kwenye f/1.8 na umbali wa mita 1, kina chote kinachoonekana wazi ndani ya fokasi ni kama sentimita 4, yaani 2 mbele na 2 nyuma. Kamera ikigeuzwa nyuzi 15, uso wa fokasi unasogea nyuma ya jicho kwa takriban sentimita 3.4, na jicho limeshatoka nje ya kina hicho. Ni haki kusema kwamba EOS 30 au F80 zingemsaidia hapa, ingawa vituo vitano vya F80 vimekusanyika karibu na katikati na havifiki ukingoni. Dawa niliyompa ni kufunga tundu hadi f/4, ambapo kina kinakaribia sentimita 10 na kosa la 3.4 linabebwa, au apige kwa f/1.8 bila kugeuza na fremu aikate wakati wa kuchapa. Filamu yake ya tano, aliyoipiga Unguja baada ya hapo, haina kosa hilo isipokuwa mara moja.

Ameniuliza kama atafute bodi ya pili, ili moja iwe na filamu ya rangi. Nimemjibu kwamba itokee F80 yenye ndoano zote mbili za mlango na mkono wake wa MB-16, aje nayo hapa barazani kabla hajatoa fedha. Lenzi ya 50 itaivaa siku hiyohiyo, ile ya 28 itabaki na F90X. Nayo ya 28 nimeshaifungua, nimeifuta lile doa, na kwa sasa inalala kwenye kisanduku chake peke yake mpaka masika ipite.